FAOSTAT Kwenye Mizani: Japani na China Katika Uagizaji wa Mazao ya Misitu

Anayetaka kujua nchi mbili zimeagiza mazao ya misitu kiasi gani kutoka nje, na kiasi hicho kimepanda na kushuka vipi kwa miongo kadhaa, mahali pa kwanza pa kupiga hodi ni FAOSTAT, kanzidata inayotunzwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lenye makao makuu Roma. Takwimu zake za misitu zinaanzia mwaka 1961, zinagusa karibu kila nchi, hazitozwi chochote, na zinaweza kupakuliwa zote kwa mkupuo mmoja. Sijui huduma nyingine ya umma yenye mfululizo mrefu kama huo kwa nchi nyingi kama hizo. Nitasema mapema, ili msomaji asilazimike kusubiri hadi mwisho, kwamba kama ghala la takwimu ninaipa alama za juu kabisa, lakini kama chombo cha kulinganishia naiona dhaifu, kwa sababu mtumiaji anayeridhika na chati ya kwanza inayomtokea kwenye skrini anaweza kuondoka na hitimisho ambalo takwimu zile zile, zikipangwa vizuri, zinalikanusha.

Huduma ya namna hii haipimwi kwa maneno matupu, kwa hiyo nimeipima kwa kuuliza swali moja mahususi: Japani na China zimeagiza nini kutoka kwenye misitu ya dunia tangu 1961? Jozi hii ina faida kubwa kwa mpimaji. Nchi zote mbili zimewahi kuwa mnunuzi mkuu wa magogo duniani, ila kwa nyakati tofauti. Zote mbili zimenunua kutoka misitu ile ile ya Asia ya Kusini-Mashariki, Urusi na Amerika Kaskazini. Na sababu za kupanda na kushuka kwa manunuzi yao zinajulikana vya kutosha kiasi kwamba chati ikidanganya, udanganyifu wake unaonekana.

Kwanza, takwimu zenyewe zinatoka wapi. Kila mwaka nchi hujaza dodoso la pamoja la sekta ya misitu linaloendeshwa na FAO, Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya iitwayo Eurostat, na Shirika la Kimataifa la Mbao za Kitropiki, ITTO. Mpango huu wa dodoso moja kwa mashirika manne ni wa busara, kwani unaepusha nchi moja kutoa majibu manne yanayopingana. Magogo, mbao zilizopasuliwa, plaiwudi na bodi nyingine huhesabiwa kwa mita za ujazo. Rojo ya kutengenezea karatasi, karatasi zenyewe, mkaa na peleti za mbao, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa kuwa punje za kuchoma, huhesabiwa kwa tani. Na kila bidhaa ina safu ya thamani kwa maelfu ya dola za Marekani. Wakati wa kuchagua, mtumiaji anaweka alama kwenye nchi, kipimo, bidhaa na miaka, kisha anapakua jedwali linalofunguka bila taabu katika programu yoyote ya majedwali. Sehemu hii inafanya kazi yake vizuri na haina haja ya maelezo marefu.

Taabu inaanza kwenye orodha ya nchi. Ukitafuta China utakuta majina kadhaa: kuna China kwa ujumla, kuna China bara, kisha Hong Kong, Macao na Taiwan kila moja kwa safu yake. Jina la kwanza ni jumla ya hayo mengine. Anayechagua yote akidhani anakamilisha orodha anahesabu mzigo mmoja mara mbili, na anayechagua la ujumla bila kujua anaingiza manunuzi ya Taiwan na Hong Kong ndani ya mstari anaouita China. Kwa miaka ya 1970 na 1980 hilo si jambo dogo, kwa kuwa Taiwan ilikuwa na viwanda vikubwa vya plaiwudi vilivyokula magogo ya kitropiki kwa wingi, wakati China bara ilikuwa bado inajitegemea zaidi kwa misitu yake. Maelezo ya mgawanyo huu yapo kwenye ukurasa wa fasili, lakini hayapo mahali mtumiaji anapofanya uamuzi. Kwa ulinganisho huu nimetumia China bara, na ningemshauri yeyote aandike chaguo lake chini ya chati yake kabla hajaiweka mbele ya watu.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nao umejificha kwenye jina linalovutia kuliko yote. Katika orodha ya bidhaa kuna kipengele cha jumla kinachobeba mazao yote ya misitu, na mtu anayetaka kulinganisha uagizaji wa nchi mbili atakikimbilia mara moja, kwani ndicho hasa anachokitafuta. Tatizo ni kwamba kipengele hicho kina thamani ya fedha peke yake. Hakiwezi kuwa na ujazo, kwa sababu mita za ujazo za magogo na tani za karatasi hazijumlishiki. Kwa hiyo ulinganisho wa jumla kuu ni ulinganisho wa dola, tena dola za bei ya mwaka husika, zisizoondolewa mfumuko wa bei, zikiwa na bima na nauli ya meli ndani yake, kwa kuwa uagizaji huhesabiwa kwa gharama ya kufikisha mzigo bandarini kwa mnunuzi. Meli zikipandisha nauli, kama ilivyokuwa mwaka 2021, thamani ya uagizaji inapanda hata kama hakuna gogo moja la ziada lililopakiwa.

Kwa Japani, mtego huu una tarehe. Mnamo Septemba 1985 nchi tano tajiri zilikubaliana katika hoteli ya Plaza, New York, kuishusha thamani dola, na ndani ya miaka mitatu dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa yeni zaidi ya 200 ikawa inapata yeni zipatazo 130 au chini ya hapo. Mstari wa uagizaji wa Japani kwa dola unapaa katika miaka hiyo. Sehemu ya kupaa huko ni manunuzi ya kweli, maana yeni yenye nguvu iliifanya mbao ya nje kuwa rahisi na ujenzi wa nyumba ulikuwa umeshamiri. Lakini sehemu nyingine ni kipimo chenyewe kilichobadilika urefu. Chati haisemi ipi ni ipi. Ndiyo maana kwa ulinganisho wa muda mrefu naona ni lazima kuanza na ujazo na kuiacha fedha ije baadaye, ingawa mpangilio wa huduma unamsukuma mtumiaji upande wa pili.

Ukishahamia kwenye ujazo na kuchagua magogo ya viwandani, picha inakuwa safi, na hapa ndipo FAOSTAT inapolipa gharama ya uvumilivu. Japani iliruhusu uagizaji huru wa mbao mapema katika miaka ya 1960, wakati misitu yake iliyopandwa upya baada ya vita ilikuwa bado michanga na miji yake ilikuwa inajengwa usiku na mchana. Uagizaji wake wa magogo ulipanda karibu bila kupumzika hadi mwaka 1973, ulipovuka mita za ujazo milioni 50, mwaka ule ule ambao nchi ilianza kujenga nyumba mpya zipatazo milioni 1.9. Magogo ya kitropiki yalitoka kwanza Ufilipino, kisha Indonesia, kisha Sabah na Sarawak, majimbo ya Malaysia; yale ya misonobari yalitoka Marekani, Kanada na Muungano wa Kisovieti. Baada ya hapo mstari unashuka kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na jina lake: mshtuko wa bei ya mafuta, marufuku ya Indonesia ya kuuza magogo nje iliyokamilika mwaka 1985, hatua za Sabah za kuzuia magogo mwaka 1993, ushuru wa Urusi mwishoni mwa muongo wa 2000. Katika miaka ya karibuni Japani imeagiza mita za ujazo chache mno, chini ya milioni tano kwa mwaka, yaani hata sehemu moja ya kumi ya kilele chake haifikii.

Mstari wa China ni kinyume chake. Kwa miaka mingi unatembea chini chini, kisha mwaka 1998 mto Yangtze unafurika, maelfu ya watu wanafariki, na serikali inakata kauli kwamba ukataji wa misitu ya asili kwenye vyanzo vya mito ni sehemu ya chanzo. Mpango wa kulinda misitu ya asili ukaanza, na tangu mwanzo wa 1999 ushuru wa forodha kwenye magogo yanayoingia ukaondolewa. Matokeo yake yanasomeka kwenye jedwali bila miwani: chini ya mita za ujazo milioni 5 mwaka 1998, takriban milioni 10 mwaka 1999, zaidi ya milioni 13 mwaka 2000, na kuendelea hivyo hadi karibu milioni 60 mwaka 2018 na zaidi ya hapo mwaka 2021. Mwaka 2022, sekta ya ujenzi wa nyumba ilipoyumba, kiasi hicho kilianguka hadi chini ya milioni 45.

Ndani ya mstari huo mmoja kuna mabadiliko ya wauzaji ambayo safu ya jumla inayaficha. Urusi ndiyo iliyokuwa muuzaji mkuu, lakini mwaka 2007 ilipandisha ushuru wa kuuza magogo nje hadi asilimia 20 na mwaka uliofuata hadi 25, kwa nia ya kulazimisha viwanda vya kupasua mbao vijengwe ndani ya nchi. Baadaye New Zealand ikachukua nafasi kwa misonobari yake ya kupandwa. Kuanzia 2018 magogo ya Ujerumani na Ulaya ya Kati, yaliyokatwa haraka kwa sababu ya ukame na wadudu waharibifu wa magome, yakaanza kusafirishwa kwa makontena hadi bandari za China. Mwanzoni mwa 2022 Urusi ikafunga mlango kabisa kwa magogo ghafi ya misonobari na ya miti ngumu yenye thamani. Kwa maswali ya nani kamuuzia nani, FAOSTAT ina sehemu nyingine ya mtiririko wa biashara kati ya nchi na nchi, lakini haianzi 1961; inaanzia 1997. Inatosha kwa China, kwani mambo yake makubwa yalitokea baada ya hapo. Kwa Japani haifai, kwa kuwa enzi ya Ufilipino na Indonesia ilikuwa imeshapita wakati safu hizo zinaanza. Hilo ni pengo kubwa katika huduma inayojivunia urefu wa kumbukumbu, japo ninaelewa kwamba kazi ya kurudisha nyuma takwimu za jozi za nchi si ya mchezo.

Sasa nifikie jambo ambalo mtumiaji asipoliona, ulinganisho wake wote unaharibika. Mstari wa magogo wa Japani unaposhuka, je, Japani imepunguza kutumia misitu ya wengine? Chati ya magogo peke yake inajibu ndiyo. Fungua sasa safu ya mbao zilizopasuliwa na safu ya plaiwudi, na jibu linageuka. Indonesia haikuzuia magogo ili kuacha miti isimame. Ilizuia ili miti ikatwe, ichongwe na kugeuzwa plaiwudi kwenye viwanda vyake, na mnunuzi mkubwa wa plaiwudi hiyo akawa Japani ile ile. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, Japani ilikuwa inaagiza pia zaidi ya mita za ujazo milioni 10 za mbao zilizopasuliwa kwa mwaka, nyingi kutoka Kanada na Marekani, na baadaye kutoka Finland, Sweden na Austria. Msitu ule ule ulikuwa unaingia kwa mlango mwingine, ukiwa umeshapasuliwa.

Mita moja ya ujazo ya mbao si sawa na mita moja ya ujazo ya gogo. Kinu cha kupasulia kinapoteza maganda, vumbi na vipande vya pembeni, na kwa mbao laini inahitajika takriban mita 1.8 za gogo ili kupata mita moja ya mbao. Kwa plaiwudi hesabu ni karibu mara mbili. Kwa hiyo mita milioni 10 za mbao zilizopasuliwa ni sawa na mita milioni 18 za magogo, na mtu anayezijumlisha na safu ya magogo bila kuzibadilisha anaipunguzia Japani mzigo kwa mita milioni 8. FAO, ITTO na Tume ya Uchumi kwa Ulaya zilichapisha kwa pamoja mwaka 2020 kitabu cha vigezo vya kubadilisha vipimo hivi, nchi kwa nchi, na ni kazi nzuri sana. Kinachonisumbua ni kwamba vigezo hivyo viko upande mmoja na takwimu upande mwingine. Chombo cha kulinganishia hakina kitufe cha kuonyesha kila kitu kwa kipimo cha gogo ghafi, na kazi hiyo inabaki kwa mtumiaji na jedwali lake. Kwa huduma inayomilikiwa na shirika lile lile lililoshiriki kuandika vigezo, sioni sababu ya kutosha.

China nayo ina hadithi ya namna hiyo, ila imechelewa kwa miongo miwili. Baada ya ushuru wa Urusi, mbao zilizopasuliwa zilianza kuingia China kwa wingi, na katika miaka ya 2018 na 2019 zilivuka mita za ujazo milioni 35 kwa mwaka. Ukigeuza kuwa magogo, mbao hizo zinazidi magogo yenyewe. Anayetazama magogo peke yake baada ya 2022 ataona mporomoko. Anayetazama vyote viwili ataona upungufu pia, lakini sehemu yake moja ni mzigo uliobadilisha sura mpakani mwa Siberia.

Kuna swali jingine ambalo chombo hiki hakikusaidii kuliuliza, nalo ni la idadi ya watu. Kilele cha Japani mwaka 1973 na kilele cha China mwaka 2021 vinaonekana kwenye chati kama vilima viwili vya kimo kinachokaribiana. Lakini Japani ya 1973 ilikuwa na watu wapatao milioni 108, na China ya 2021 ilikuwa na watu zaidi ya bilioni 1.4. Gawanya, na utapata karibu nusu mita ya ujazo ya gogo la nje kwa kila Mjapani, dhidi ya chini ya nusu ya sehemu moja ya kumi ya mita kwa kila Mchina. Tofauti ni ya mara kumi. Nimesoma maandishi mengi yanayoilaumu China kwa hamu yake ya magogo bila kutaja hesabu hii, na siamini kwamba waandishi wote walikuwa na nia mbaya. Chati waliyoitumia haikuwapa hesabu hiyo. Takwimu za idadi ya watu zipo ndani ya FAOSTAT, katika sehemu nyingine ya tovuti. Kuziunganisha na za misitu ni kazi ya dakika chache kwa anayejua majedwali, na ni ukuta kwa asiyejua.

Kwa kutenda haki, ziko bidhaa ambazo chombo cha kulinganishia kinazionyesha vizuri bila msaada wa mtu. Karatasi chakavu ni mfano bora. China ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karatasi taka za dunia, zaidi ya tani milioni 25 mwaka 2017. Mwanzoni mwa 2018 ikazuia karatasi mchanganyiko zisizochambuliwa, ikakaza masharti ya usafi kwa zilizobaki, na tangu Januari 2021 ikazuia taka ngumu zote kutoka nje. Mstari unadondoka kama ulivyopaswa kudondoka: chini ya tani milioni 7 mwaka 2020, na chini ya milioni moja mwaka 2021. Weka pembeni yake mstari wa Japani na utaona karibu hakuna kitu, kwani Japani inakusanya karatasi zake vizuri na ni muuzaji, si mnunuzi. Kipimo ni kimoja, kimeandikwa kwa tani, sababu inajulikana, hakuna cha kubadilisha. Ukitaka kwenda mbele kidogo, fungua rojo ya mbao ya China katika miaka hiyo hiyo na utaikuta imepanda, kwa kuwa viwanda vya karatasi vililazimika kutafuta nyuzi mahali pengine.

Peleti za mbao ni mfano wa pili, safari hii Japani ikiwa juu. Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, Japani iliweka mwaka 2012 bei maalumu za kununua umeme unaotokana na vyanzo jadidifu, na mitambo ya kuchoma peleti ikaanza kujengwa. Kutoka chini ya tani laki moja mwaka 2012, uagizaji ulivuka tani milioni 5 mwaka 2023, nyingi zikitoka Vietnam, Kanada na Marekani. Kwa China hakuna mfano wa kulinganisha. Hapa naona inafaa kusema wazi kwamba mtu anayehubiri kuwa Japani imeacha misitu ya nje kwa sababu magogo yamepungua anapaswa kwanza kutazama safu hii, ambayo bila shaka haikuwepo kwenye chati yake.

Vibanzi vya mbao, vinavyopelekwa kwenye viwanda vya rojo, ni habari tofauti. Japani ilikuwa mwanzilishi wa kuvisafirisha kwa meli maalumu tangu miaka ya 1960, na kwa muda mrefu haikuwa na mpinzani, hadi China ilipoipita katika muongo wa 2010. Ulinganisho wa mwelekeo ni wa kuaminika, lakini ulinganisho wa viwango unahitaji tahadhari, kwa kuwa wafanyabiashara huviuza kwa tani kavu kabisa, yaani uzito bila maji, wakati FAOSTAT inavihesabu kwa mita za ujazo. Katikati kuna kigezo cha kubadilisha, na mkaratusi wa Vietnam hauna uzito sawa na msonobari.

Kuhusu ubora wa takwimu, FAOSTAT ni mkweli kuliko watumiaji wake wengi. Kila namba ina herufi pembeni yake inayoeleza kama ni takwimu rasmi ya nchi, ni makadirio, imejazwa kwa njia ya kitakwimu, au imetoka shirika jingine la kimataifa. Nchi isipojibu dodoso, namba ya mwaka uliopita inaweza kurudiwa, na ndiyo sababu mistari ya baadhi ya nchi inalala bapa kwa miaka kadhaa kisha kuruka ghafla. Huo si utulivu wa soko. Ni ukimya wa ofisi. Kwenye jedwali lililopakuliwa herufi hizo zipo, zinachujika, zinahesabika. Kwenye chati hazionekani, na mstari wa makadirio unachorwa kwa wino ule ule wa mstari rasmi. Ningetamani kuona mstari wa nukta nukta kwa miaka ya makadirio, jambo ambalo taasisi nyingi za takwimu hulifanya bila shida.

Namba rasmi nazo si Msahafu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, China iliandika forodhani magogo mengi kutoka Indonesia kuliko Indonesia ilivyoandika kuyauza, na pengo hilo likawa mojawapo ya ushahidi uliotumika kuonyesha ukubwa wa ukataji haramu. Mtiririko wa biashara wa FAOSTAT unaweza kutumika kwa uchunguzi huo, kwa kuweka taarifa ya muuzaji na ya mnunuzi ubavu kwa ubavu. Sehemu ya tofauti kama hizo ni ya kawaida, meli iliyoondoka Desemba na kufika Januari inaangukia miaka miwili, lakini tofauti zinazojirudia mwaka baada ya mwaka kwa bidhaa ile ile zinastahili kuulizwa.

Bado kuna kisichokuwepo kabisa. Samani hazimo kwenye safu hizi, na kwa jozi yetu upungufu huo si mdogo, maana sehemu ya magogo yanayoingia China hutoka tena yakiwa vitanda, meza na makabati, mengine yakielekea Japani. Kwa FAOSTAT, gogo hilo ni la China na safari yake inaishia hapo. Mihimili ya mbao za kuunganishwa kwa gundi, ambayo Japani imenunua kwa wingi kutoka Ulaya tangu tetemeko la Kobe la 1995 lilipowafanya wajenzi wapende mbao kavu zilizonyooka, nayo kwa miaka mingi ilikaa nje ya hesabu hizi. Kwa hiyo neno uagizaji hapa lisisomwe kama matumizi.

Anayehitaji hayo yote ana njia mbili za kando. UN Comtrade, kanzidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, inatoa takwimu za forodha kwa misimbo ya kimataifa, mbao zikiwa sura ya 44, rojo sura ya 47, karatasi sura ya 48 na samani sura ya 94, pamoja na nchi ya pili ya biashara kwa kila mzigo. Ina undani ambao FAOSTAT haina, lakini misimbo hiyo ilianza kutumika 1988 na hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo mfululizo mrefu unakatika katika viungo, na vipimo vya ujazo mara nyingi vina mapengo. ITTO, yenye ofisi Yokohama, ni bora kwa mbao za kitropiki na kwa taarifa za soko zinazotoka mara mbili kwa mwezi, ambazo zinaeleza sababu ambazo namba haziwezi kueleza. Kwa swali la miaka 60 kati ya nchi mbili, bado ningeanza na FAOSTAT, ningepakua jedwali zima badala ya kuchora mtandaoni, ningechukua magogo, mbao na plaiwudi kwa pamoja na kuzigeuza kwa kipimo cha gogo, kisha ningekwenda Comtrade kutafuta samani.

Tahadhari ya mwisho ni ya kiutendaji. Takwimu za misitu husasishwa kila mwaka, na usasishaji huo hauishii kwenye kuongeza mwaka mpya. Miaka ya nyuma nayo hurekebishwa nchi zinapotuma majibu bora, na mwaka wa karibuni kabisa mara nyingi huwa na makadirio mengi kuliko ule ulioutangulia. Majedwali mawili ya China yaliyopakuliwa kwa nyakati tofauti yanaweza kutofautiana kwa mwaka ule ule bila yeyote kukosea, hivyo tarehe ya kupakua iandikwe kwenye jina la faili lenyewe.